Komando wa Mashimo na Upepo Wake

Jumapili, alasiri. Mbale.

Mvua ilianza tukiwa tunaosha vyombo vya mchana, na mpaka sasa haijaamua kama inaendelea au inaacha. Mlima hauonekani kabisa. Vinu vya huku viwandani vimenyamaza kwa kuwa ni Jumapili, kwa hiyo nasikia bati letu vizuri, namsikia mama chumba cha pili akivuta ukili wa sinia analosuka, na nasikia hasira yangu pia. Sikujua kama hasira ina sauti. Yangu inavuma kama friji ya zamani.

Shajara, leo sina adabu. Nivumilie.

Tangu jana namdharau mtu, na bado sijachoka.

Mtu mwenyewe ni Rajabu, mtoto wa shangazi yangu wa Masese, kule Jinja. Nilipomaliza kidato cha sita nilienda kukaa kwao, nimsaidie shangazi kazi za nyumba huku nikisubiri matokeo. Rajabu ni mkubwa kwangu, ana simu nzuri, na ana ukurasa wa video ambao anajiita Komando wa Mashimo. Kazi yake ni kuingia kwenye machimbo ya dhahabu yaliyoachwa, upande wa Busia. Anashuka, anajirekodi akiwa chini, anapanda, kisha anawaambia watazamaji kwamba hofu ni ugonjwa. Watazamaji wanamjaza mioyo na moto na mikono inayopiga makofi.

Babu yetu alikuwa askari wa kweli, na baba yake pia. Sijawahi kusikia kwamba yeyote kati yao alijiita komando. Labda kwa sababu walikuwa na kazi.

Jana nilifuatana na Rajabu kwenye shimo. Jana nusura afe. Jana hiyo hiyo jioni akaweka video ya ushindi. Na leo asubuhi ametangaza kwamba Jumamosi ijayo atarudi kwenye shimo lile lile, na safari hii atawachukua mashabiki washuke naye.

Wa kwanza kujibu alikuwa Khainza.

Niandike tena ili nielewe. Khainza. Niliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha tatu. Ameandika: "Mimi niko ndani, Komando. Wanaume wasituzoee." Watu wamempigia makofi na yeye.

Hiyo ndiyo sababu naandika. Rajabu akitaka kujizika, ana mama yake wa kumlilia. Lakini sitaki Khainza ashuke mle.

*

Kwa wanaosoma shajara hii ya mtandaoni kwa mara ya kwanza, ambao najua ni wachache: mimi si mtu wa kusema. Darasani mwalimu akiita jina langu, nilikuwa nainua mkono badala ya kuitika. Na kwa kuwa kwetu tunazungumza Kiswahili, na katika mji huu Kiswahili ni lugha ya askari, mtu akikisikia anatazama kwanza kama kuna bunduki, Khainza alinipa jina la Afande. Darasa zima likacheka. Afande asiyeweza kuamrisha kuku watoke jikoni. Nililizoea. Akiniita hivyo yeye, nalipenda hata.

Basi, jana.

Nilienda kwa sababu Rajabu alihitaji mtu wa kushika simu ya pili. Ya kwanza anashika rafiki yake Waiswa, kijana wa Budondo, mpole, mrefu, ambaye humwamini Rajabu kama watu wanavyoamini dawa ya kikohozi. Ya pili ilikuwa simu yangu, ambayo kioo chake kina ufa lakini kamera bado inaona. Rajabu alinichagua kwa sababu, alisema, "Zamzam hana maneno mengi."

Ni kweli sina. Lakini nina macho.

Mahali penyewe panafanana na uso wa mtu aliyepona ndui. Mashimo kila upande. Mengine yamejaa maji yenye utando wa kijani, unaweza kudhani ni nyasi fupi hadi uone kibuyu kinaelea juu yake. Mengine hayana hata ukingo, majani yamekua mpaka katikati, na unayajua tu ukitupa jiwe mbele yako. Nilikuwa natupa mawe. Rajabu alikuwa anatembea kinyumenyume akizungumza na simu ya Waiswa.

Kinyumenyume, Shajara. Katika uwanja wa mashimo.

Walioondoka pale walichukua kila kitu chenye faida: mashine, mabati, mabomba. Mashimo wameyaacha wazi, sijui wanadhani nani atakuja kuyafunika. Nawadharau na hao. Nina dharau ya kutosha leo, hakuna atakayekosa.

Kando ya shimo alilolichagua kuna nyumba, na nje ya nyumba kuna zizi la mbuzi. Nililitazama sana lile zizi, maana lilinishangaza. Mbuzi wa kawaida, tena wadogo, lakini zizi limejengwa kwa magogo ambayo yangebeba lori. Kila gogo limechongwa ncha zote mbili, na kwenye ncha kuna udongo mwekundu mkavu. Kisha nikachungulia kwenye shimo. Kwenye kuta, kuanzia juu kwenda chini, kulikuwa na vitundu vinavyotazamana. Viwili kushoto, viwili kulia, tena chini yake, tena chini yake. Vimebaki wazi kama fizi zilizong'olewa meno.

Nilimwendea mwenye mbuzi, aliyekuwa amekaa na mkewe wakimenya muhogo.

"Shikamoo, mzee. Miti hii ilikuwa ya shimo?"

"Ya shimo," alisema, bila kuacha muhogo. "Walipohama waling'oa. Mingine wakabeba kwa shimo jipya, hii wakaniachia mimi. Sasa miti ikae chini bure inafanya nini?"

"Inashika udongo," mkewe alisema, na wote wawili wakacheka.

Sikucheka. Nilikuwa nimeelewa jambo ambalo komando, pamoja na video zake zote, hakulielewa. Yeye anadhani shimo lililoachwa ni kama nyumba iliyoachwa: vumbi, popo, lakini kuta ni zile zile. Siyo. Mchimbaji akihama anahama na kinachoshikilia kuta, kwa sababu anakihitaji kule anakokwenda. Shimo lenye watu ndilo lina miti. Likiachwa linabaki udongo tu, unaongoja mtu wa kuugusa.

Nilimweleza Rajabu. Nilijitahidi. Maneno yangu hutoka yamevunjikavunjika, lakini yalitoka.

Akamtazama Waiswa. "Shimo limesimama mvua zote hizo. Leo ndiyo lianguke kwa sababu Zamzam amelitembelea?"

Waiswa alicheka hadi akashika magoti.

Kwa hiyo mbuzi walikuwa na ulinzi mzuri kuliko yeye. Niliwaza hivyo moyoni.

*

Sasa mshumaa.

Niliutoa nyumbani kwa shangazi, kwenye droo ya jikoni ambapo tunaweka mishumaa ya wakati umeme unapokatika. Nilikuwa nimeutia ndani ya kopo la maziwa ya unga, nimetoboa kopo pande zote kwa msumari, nimelifunga waya juu, na kamba ndefu. Nilifanya hivyo kwa sababu ya somo la kemia. Kidato cha tatu tulifanya jaribio, kila mtu analijua: mshumaa juu ya meza, gilasi juu ya mshumaa. Moto unakuwa mdogo, unakuwa mdogo, unakufa. Mimi na Khainza tulikuwa kundi moja. Yeye alifunika gilasi, mimi niliandika. Alikuwa anaifunika na kuifunua, akiuokoa moto na kuuacha tena, mpaka mwalimu akamfukuza nje kwa kucheza.

Moto unakula hewa ile ile tunayokula sisi. Hilo si jambo la siri. Liko kwenye kitabu chenye picha.

"Hicho nini?" Rajabu aliuliza.

"Mshumaa."

"Leo nani anazaliwa?"

"Zamzam ametuletea kanisa," alisema Waiswa, na akajifanya kupiga ishara ya msalaba vibaya, yeye ambaye ndiye pekee anayekwenda kanisani kati yetu.

"Kila mtu siku hizi ana tochi ya kichwa," Rajabu akaniambia kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Tochi haizimiki."

Ndiyo. Tochi haizimiki. Ndiyo ubaya wake. Tochi itaendelea kuwaka vizuri kabisa juu ya kichwa cha maiti.

Hilo sikulisema. Nimelifikiria leo saa nane mchana, kama kawaida yangu.

Nilichofanya, niliwasha mshumaa na kuuteremsha. Simu yangu ilikuwa mkono wa pili, inarekodi, kwa sababu niliambiwa nirekodi kila kitu. Shimo lina kina cha nyumba mbili zikibebana, labda zaidi. Moto ulishuka ukiwaka vizuri, ukitupa mwanga wa rangi ya chai kwenye vile vitundu vya kuta. Ulipokaribia chini ukanywea. Ukawa mdogo kama punje ya mtama. Ukazimika.

Nilivuta kopo, nikawasha tena, nikateremsha. Ulizimika mahali pale pale, kana kwamba kuna mtu amesimama pale na kazi yake ni kupuliza.

Mara ya tatu, pale pale.

Nilimtazama Rajabu. Hata Waiswa alimtazama.

"Upepo," alisema Rajabu.

Upepo! Chini ya shimo lenye mdomo mmoja, lisilo na mlango wa pili wala dirisha, siku ambayo majani ya migomba hayakuwa yanatikisika hata juu. Nimesoma na watu waliopata alama za mwisho kabisa katika kemia, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye angeweza kusema neno hilo bila kuona haya. Yeye alilisema akifunga tochi yake kichwani.

Hapo nilifanya kitu kimoja, na nakiandika kwa sababu sijazoea kufanya vitu. Nilizima simu. Nikasema, "Kaka Rajabu, usipofunga kamba kifuani, sirekodi."

Alihitaji picha kutoka pande mbili, alikuwa amewaahidi watu. Alisonya. Akafunga kamba ngumu ya manjano tuliyokuja nayo, chini ya makwapa, ncha ya pili tukaizungusha kwenye kisiki cha mkalitusi. Halafu akavaa koti juu yake na kufunga zipu mpaka shingoni, katika jua lile.

"Watu wasiione," alisema. "Komando hafungwi kama mbuzi."

*

Alishuka kwa vishimo vya miguu ambavyo wachimbaji walivichonga ukutani. Kila alipokanyaga, udongo ulianguka kidogo. Nilikuwa nasikia unavyotua chini. Alifika. Akaanza hotuba yake.

"Ndugu zangu watazamaji, nipo ndani ya tumbo la ardhi..."

Ana hotuba hiyo moja. Mara zote ni tumbo la ardhi.

Alizungumza juu ya ujasiri. Kisha akasema kwamba kichwa kinamuuma kidogo. Kisha akasema "nasikia kama usingizi", akacheka, cheko refu, lisilofanana na lake. Kisha akarudia kwamba yupo ndani ya tumbo la ardhi, ila maneno yalikuwa yamelowa. Kisha hakusema tena. Mwanga wa tochi yake ulikuwa umetulia kwenye ukuta mmoja, hausogei.

"Komando!" Waiswa aliita. "Wewe Rajabu! Wacha mchezo, bwana!"

Hakuna.

Waiswa alitupa simu kwenye majani na kuanza kuvua viatu. "Banange, jamani, amelala. Mimi nashuka."

Nilimwona akikaa ukingoni, miguu ndani, akitafuta kishimo cha kwanza kwa kidole gumba. Hana kamba. Kamba ilikuwa moja na ilikuwa kwa Rajabu. Waiswa ni mtu mwema, na kwa wema wake angeshuka moja kwa moja ndani ya kitu kile kile, na tungekuwa na wawili.

"Toka hapo! Kaa chini!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Mbuzi walinyamaza. Waiswa alikaa chini, mtu mzima, kwenye udongo, akanitazama kama aliyepigwa.

"Shika kamba! Vuta!"

Akashika. Nikashika. Mwenye mbuzi na mkewe walikuja mbio, yule mama bado na kisu cha muhogo mkononi, akakitupa. Tulivuta kwa kuzungusha kwenye kisiki, tunavuta, tunafunga, tunavuta. Udongo ulikuwa unamwagika shimoni kama mtu anamwaga mchanga kutoka kwenye gunia, na nilikuwa nasubiri ule mlio mkubwa wa ukuta kuanguka. Nilikuwa nasoma kila sura ya Kurani ninayoijua. Nilikuwa nalia pia. Nilikuwa nafikiria jinsi ya kuingia mlangoni kwa shangazi na nitasema neno gani kwanza.

Kichwa chake kilitokea. Uso ulikuwa wa rangi ya majivu, koti limepanda mpaka masikioni. Tulimlaza ubavu. Kwa muda hakuwa mtu, alikuwa mzigo. Kisha akavuta pumzi, akakohoa, akatapika juu ya viatu vyake vyeupe. Akafumbua macho. Akamtafuta Waiswa.

Neno lake la kwanza, Shajara. Yule mama amepiga magoti anampepea kwa khanga. Viganja vyangu vimechubuka, vinatoka damu. Neno lake la kwanza:

"Mmerekodi?"

*

Sikurudi nao Jinja. Nilipofika barabara kuu niliwaambia naenda nyumbani, nikaja Mbale na nguo nilizovaa. Nguo zangu nyingine zote ziko Masese. Mama aliniona mlangoni, akaona mikono yangu, akaenda kuchemsha maji bila kuuliza kwanza. Baadaye aliuliza, nikamweleza yote.

Video ilitoka kabla sijamaliza kula. Rajabu anashuka. Rajabu yupo ndani ya tumbo la ardhi. Kisha Rajabu anatokea juu, amesimama wima, uso umeoshwa, anainua ngumi. Kwa hiyo baada ya mimi kuondoka alirudi akaingia tena shimoni mpaka kiunoni ili Waiswa ampige picha akitoka. Kamba haionekani. Mshumaa haupo. Halafu nipo mimi, nalia, mdomo wazi, nikivuta kitu ambacho kimekatwa kwenye picha, na maandishi chini yangu: "Dada alilia. Komando hakulia."

Watu wamecheka sana. Mmoja ameandika kwamba wasichana wabaki na mapishi. Mmoja anauliza kama nimeolewa. Mmoja anasema anataka kuona dhahabu. Watu wazima, wenye majina na picha za watoto wao, wamekaa mahali pakavu wanampigia makofi mtu ashuke kuzimu ili wapate cha kutazama wakati chai inapoa. Sijui nani wa kudharauliwa zaidi, anayeruka au wanaomhesabia moja, mbili, tatu.

Shangazi alipiga simu asubuhi. Nilimweleza naye. Akasema alhamdulillahi amerudi mzima. Kisha akasema, "Lakini mwanangu, mambo ya ndani yabaki ndani. Usimwaibishe kaka yako kwa watu." Nampenda shangazi yangu. Nilijibu "ndiyo, shangazi", na nilipokata simu nikajiona mdogo.

Ndipo nikaona tangazo la Jumamosi, na jina la Khainza.

Nilimpigia. Nilianza na hewa, nikarukia miti, nikarudi kwenye hewa, nikasahau kamba. Alisikiliza, kisha akacheka, si kwa ubaya.

"Afande, wewe uliogopa hata kuitika jina darasani."

"Najua. Lakini Khainza..."

"Rajabu kashuka, kapanda, mzima. Wewe umelia, nimekuona. Sasa nimsikilize nani?"

Ukitazama video ile, yeye ndiye mwenye akili na mimi ndiye mwenye wazimu. Nikasema "haya", nikakata. Nilikaa kitandani nikijidharau na mimi pia.

Ila simu yangu ilikuwa mkononi. Na ndani ya simu yangu ilikuwa jana yote. Niliiwasha tena alipofunga kamba, kisha nikaiangusha kwenye majani nilipokimbilia kisiki, na iliangukia upande mzuri. Yote imo. Mshumaa, kamba, koti, cheko lile, kichwa kinachotokea, matapishi, "mmerekodi".

Nilitazama. Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilirudia pale anapotapika. Nilirudia tena. Mama alikuja akasimama nyuma yangu na ukili begani.

"Viatu vile shangazi yako alimnunulia siku ya Idi," alisema, akarudi kwenye sinia lake.

Nilifikiria jinsi watu watakavyomcheka. Nilishachagua mpaka maandishi ya kuweka chini yake. Nikawa nairudisha nyuma nianze mwanzo, na hapo nikajigundua: kila mara nilikuwa naruka mshumaa. Nilikuwa naharakisha nifike kwenye viatu. Mimi, niliyekuwa pale, niliyeubeba mshumaa ule kutoka Masese. Basi mtu mwingine yeyote ataruka vile vile. Watacheka, watampenda zaidi kwa kuchekesha, na Jumamosi watakuwa wengi kuliko leo.

Kwa hiyo nimekata. Nimekata viatu, nimekata uso wa majivu, nimekata hata mimi. Shangazi asome hapa aone kwamba sijamweka mtoto wake uchi. Nilichobakiza kiko juu kabisa ya ukurasa huu, na ni kifupi. Hakuna sura ya mtu. Ni moto mdogo unashuka gizani, unanywea, unazimika. Unashuka tena, unazimika pale pale. Unashuka tena. Kisha sauti ya mtu asiyeonekana, yenye uhakika mkubwa, inasema: "Upepo."

Basi. Sikuandika chochote chini yake.

Nikamtumia Khainza, bila salamu.

Nimekaa. Bati limelia, limenyamaza, limelia tena. Nimeandika yote haya mnayosoma nikisubiri. Aliona zamani, alama imeonyesha ameona. Nilidhani amekasirika.

Sasa hivi simu imetikisika.

"Upepo gani huko chini?"

Sijajibu. Khainza ukimwachia nafasi hufika mwenyewe, ni akijibiwa haraka ndiyo anabisha.

Kisha: "Ni ile gilasi."

Nimekwenda kwenye ukurasa wa Rajabu, na chini ya tangazo lake, chini ya makofi yote yale, Khainza ameandika: "Nitoe mimi. Na wengine tazameni hii kwanza." Ameweka mshumaa wangu pale, mbele ya watu wote. Mmoja ameshauliza kwa nini unazimika. Wengine sijui watafanya nini. Wengine labda wataenda tu.

Kisha, kwangu peke yangu: "Sawa, Afande. Amri nyingine?"

Nimelia tena. Safari hii hakuna wa kunirekodi.

Mvua imeacha. Mama anasema kesho niende Masese kuchukua nguo zangu, nisivae gauni lake kila siku. Nitakwenda. Nitaingia, nitamwamkia shangazi, nitakunja nguo zangu. Na Rajabu akitoka chumbani na kuniuliza nani amewageuza mashabiki wake, nitamtazama usoni nimjibu kwa sauti ile ya shimoni, ili nijue kama bado ninayo.

Nitamwambia ni upepo.